Balbu inayokufa upande wa betri

Swali hili limetoka kwa mwalimu wa sekondari anayeishi Kakamega na kufundisha karibu na Kisumu. Nimelifupisha kidogo:

"Habari ya kazi, fundi. Nina Subaru Forester ya mwaka 2001, otomatiki, haina tabo (turbo). Mzee wangu aliniachia alipostaafu. Natoka nyumbani saa kumi na moja asubuhi, giza bado, na taa ya mbele upande wa betri imeungua mara tatu tangu shule zifunguliwe Januari. Ile ya upande wa pili haijawahi kuguswa. Kila mara fundi anakaa nayo karibu saa nzima, na wa mwisho ameniambia safari ijayo bampa lazima itoke. Nimechoka. Nataka kujifunza kubadilisha balbu mwenyewe, na ikiwezekana hata sevisi ya kawaida. Je, gari hili linashikika, au niliuze?"

Mwalimu, usiliuze. Na nakushukuru kwa kutaja jambo ambalo wengi hawalitaji, kwamba taa ya upande wa pili haijawahi kuguswa. Sehemu kubwa ya jibu iko hapo. Kama alteneta, ile mashine inayochaji betri, ingekuwa inatoa umeme kupita kiasi, taa zote mbili zingeungua, na za nyuma zingefuata. Bado ningependa upime, kwa sababu kupima ni dakika moja. Azima mita ya kupimia volti, shika ncha zake kwenye betri asubuhi kabla ya kuwasha injini. Betri yenye afya husoma karibu volti 12.6. Washa injini, upime tena. Iwe kati ya 13.8 na 14.5. Ikipita 15, peleka alteneta kwa fundi wa umeme kabla ya kununua balbu nyingine. Ila kwa maelezo yako, sitarajii ufike huko.

Ninachoamini ni hiki. Betri ya Forester yako imekaa nyuma kabisa ya ile taa, pengo lililobaki haliutoshi mkono wa mtu mzima. Fundi mwenye haraka haitoi betri. Anapenyeza vidole kwenye lile pengo na kufanya kazi kwa kupapasa, haoni anachoshika. Hapo ndipo balbu yako inapouawa, kabla hata hujawasha taa. Na hiyo saa nzima uliyokaa ukisubiri ni ya kupapasa. Betri yenyewe hutoka kwa dakika tano.

Nieleze kwa nini kupapasa kunaua. Balbu ya taa yako ni aina ya H4, wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu. Soma maandishi kwenye kitako cha ile iliyoungua ili uwe na hakika, maana wamiliki waliotangulia hubadilisha vitu. Kioo chake hupata moto mkali sana, mamia ya nyuzi joto. Kidole chenye mafuta kikikigusa, ile alama ndogo hupata moto kuliko sehemu nyingine, kioo kinadhoofika pale, na balbu iliyopaswa kudumu miaka inakufa kwa wiki chache. Mikono ya fundi aliyetoka kufungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ina mafuta mengi kuliko yako, na kwenye pengo lile hawezi kuingiza balbu bila kuigusa kioo.

La pili ni mpira. Nyuma ya taa kuna kifuniko cha mpira mweusi, mviringo, chenye nafasi katikati ya kupitisha miguu ya balbu. Kazi yake ni kuzuia maji na vumbi. Kukirudisha kwa kupapasa ni vigumu, kwa hiyo wengi hukiacha nusu nje au hukitupa kabisa. Wewe unaishi Kakamega, ambako mvua hunyesha karibu kila alasiri kwa miezi mingi ya mwaka. Maji yakirushwa na tairi na kufikia balbu iliyo moto, kazi imekwisha. Nina hakika kubwa kwamba ukifungua leo utaukuta mpira huo umelegea au haupo. Kama haupo, tafuta mwingine kwa wauzaji wa vipuri vilivyotumika vya Subaru. Usizibe kwa karatasi ya nailoni, itayeyuka.

Sasa tuifanye kazi yenyewe. Ifanye Jumamosi mchana, injini ikiwa imepoa, na uwe na soketi au spana namba kumi. Kwenye gari hili namba kumi ndiyo utakayoishika kuliko zote.

Fungua boneti. Anza na waya wa hasi wa betri, ule wenye alama ya kutoa. Sababu ya kuanza nao ni kwamba bodi yote ya gari ni hasi. Ukianza na chanya halafu spana ikagusa chuma cha bodi, utaona cheche ambayo hutaisahau. Hasi ikishatoka na kusukumwa kando, legeza chanya. Kisha utaona mkanda wa chuma juu ya betri, umeshikwa na fito mbili ndefu zenye nati. Legeza nati hizo, fito zina ndoano chini, zizungushe zitoke. Inua betri kwa mikono miwili, ikiwa wima, uiweke kwenye ubao kivulini.

Simama pale mbele ya gari uangalie. Nyuma ya taa sasa iko wazi, na ile kazi iliyokuwa ya kupapasa unaifanya kwa macho yako. Utaona soketi ya plastiki yenye waya tatu. Ivute moja kwa moja kuelekea injini huku ukiitikisa kidogo, na ushike plastiki, waya usizivute. Ikiwa imegoma kwa sababu ya joto la miaka, iangalie kwa makini. Plastiki iliyogeuka kahawia au kuyeyuka pembeni inakuambia mtu alishawahi kuweka balbu za wati 100. Soketi kama hiyo haishiki vizuri, hupata moto, na yenyewe inaweza kuwa chanzo cha taa kufa. Fundi wa umeme atakubadilishia kwa muda mfupi.

Soketi ikitoka, bandua mpira kwa kushika ulimi wake. Ndani utaona balbu imebanwa na springi ya waya. Sukuma ncha ya springi kuelekea taa kisha kando, ifunguke kama mlango. Vuta balbu. Hata kabla ya kuitupa, iangalie juani. Ukiona uzi umekatika na kioo ni safi, imekufa kifo chake. Ukiona uvimbe mdogo kwenye kioo au doa jeusi upande mmoja, kiliguswa. Ukiona unga mweupe ndani, kioo kilipasuka na hewa ikaingia, mara nyingi kwa sababu ya maji. Ningependa sana uniandikie umeona kipi kati ya hivyo.

Balbu mpya ishike kwenye kitako cha chuma. Kioo kikiguswa kwa bahati mbaya, kifute kwa spiriti na kitambaa safi, ukiache kikauke. Kitako kina masikio matatu, na hayalingani. Lile pana zaidi hukaa juu. Balbu ikiingia inavyotakiwa hulala kabisa, haichezi, na springi hufungika bila nguvu. Ukilazimika kusukuma kwa nguvu, haijakaa. Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Ndani ya H4 kuna nyuzi mbili, na chini ya uzi wa dimu kuna kibakuli kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usiende juu. Balbu ikikaa upande, kibakuli hicho nacho kiko upande, na dimu yako inampiga machoni dereva anayekuja. Ukikutana na gari linalokupofusha ukiteremka mlima wa Riat kuingia Kisumu, dereva wake akaapa kwamba amewasha dimu, usimdhanie mwongo. Inawezekana kabisa balbu yake haijakaa.

Rudisha mpira kwanza, uuone umebana mviringo mzima, halafu soketi. Weka betri, funga fito, anza na waya wa chanya na umalizie hasi. Angalia mara mbili kipi ni kipi. Betri ikifungwa kinyume, fyuzi kuu inaungua, na alteneta inaweza kuondoka nayo. Ukiwasha injini mara ya kwanza baada ya betri kutolewa, mngurumo unaweza kupanda na kushuka, kwa sababu kompyuta imesahau mipangilio yake. Iache ingurume dakika kumi bila kuwasha redio wala feni, itajipanga. Saa ya dashbodi utairekebisha mwenyewe.

Ile ya upande wa pili ikija kufa, kinachoziba kule ni bomba la plastiki linaloingiza hewa kwenye chombo cha ea klina. Limeshikwa kwa mbele juu ya rejeta kwa bolti za namba kumi au klipu. Litoe, utapata nafasi kubwa. Bampa haihusiki na balbu ya taa kubwa kwenye gari hili, si upande huu wala ule. Aliyekuambia itoke huenda amezoea gari za aina nyingine ambako ni kweli.

Usiku wa siku hiyohiyo, elekeza gari kwenye ukuta, umbali wa mita kumi, pahali tambarare. Washa dimu. Mpaka wa juu wa mwanga unapaswa kuwa chini kidogo ya kimo cha taa zenyewe, karibu sentimita kumi kwa umbali huo, na kupanda kidogo upande wa kushoto. Upande wa kushoto ndiko waenda kwa miguu na bodaboda waliko, na kwa kuwa gari lako limetoka Japani, ambako wanaendesha kushoto kama sisi, taa zake zimeumbwa hivyo. Ukija kununua taa nzima iliyotumika, uliza imetoka wapi. Ya Marekani au bara la Ulaya hupandisha mwanga kulia, kwenye macho ya wanaokuja, na hakuna skrubu ya kurekebisha hilo.

Nimekaa sana kwenye balbu moja, lakini nina sababu. Hapa Nakuru tunaishi na barabara ya Salgaa na Sachangwan, na malori yake ya usiku. Gari lenye taa moja linaonekana kwa mbali kama pikipiki. Dereva wa lori anapima nafasi ya kupishana na pikipiki, kumbe kuna gari zima pale gizani. Na ikiwa taa iliyokufa ni ile ya upande wa kati ya barabara, nusu ya gari lako iliyo karibu naye ndiyo asiyoiona. Wewe unatoka saa kumi na moja. Jua letu halichomozi hadi karibu saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima. Safari yako yote iko gizani, kwa hiyo hili silichukulii kama jambo la polisi na faini tu.

Balbu ndogo zilizobaki ni rahisi. Indiketa ikipepesa harakaharaka kuliko kawaida, moja ya upande huo imekufa, usibadilishe relei. Za nyuma, fungua mlango wa buti, toa skrubu zinazoshika taa pembeni, kisha vuta taa nzima kuelekea nyuma, imeshikwa na vijiti vya plastiki kwa ndani. Ya breki ina nyuzi mbili, wati 21 na 5, na vipini vyake viwili vya pembeni haviko kimo kimoja, makusudi, ili isiingie kinyume. Kuna watu huisukuma kwa nguvu hadi iingie, na matokeo yake taa ndogo za usiku zinang'aa kama breki na ukikanyaga breki hakuna kinachobadilika. Na ukikanyaga breki halafu taa nyingine za upande huo zikafifia au indiketa ikawaka kidogo, usinunue balbu. Huo ni waya wa bodi ulioshika kutu. Ufuate hadi unapofungwa, usugue kwa msasa, ufunge tena.

Kuna kitu kimoja cha Subaru ambacho nataka ukijue kabla hakijakuacha njiani. Juu ya shina la stering'i, nyuma ya usukani, kuna kitufe kidogo. Kikibonyezwa, taa ndogo za gari huwaka hata funguo ikiwa mfukoni mwako. Kilitengenezwa kwa ajili ya kuegesha pembeni mwa barabara usiku. Ukifuta vumbi kwenye dashbodi, mkono unakigusa, taa zinawaka mchana huzioni, jioni betri imekufa. Nimeletewa Forester na Legacy ambazo wenyewe walikuwa tayari wameshanunua betri mpya, na shida ilikuwa hicho kitufe.

Sasa sevisi. Injini ya Subaru imelazwa, pistoni mbili zinapiga kushoto na mbili kulia, kama watu wanaopigana ngumi. Hiyo ndiyo inayolipa gari utulivu wake kwenye kona, na hiyo hiyo ndiyo inayofanya kila kazi ndogo iwe na kitu cha kuondoa kwanza mbele yake. Ukilikubali hilo, gari halina ugumu wa ajabu.

Oili. Kwa safari yako ya kilomita kama 100 kila siku, kilomita 5,000 zinaisha kwa wiki kumi. Kwa hiyo fanya kila muhula, hutasahau. Pandisha gari kwenye shimo au ngazi za chuma. Ukitumia jeki, weka stendi imara pande zote mbili kabla mwili wako haujaingia chini. Jeki peke yake haimwekei mtu dhamana.

Ukiwa chini, tulia. Kuna bolti zaidi ya moja za kumwaga, na hapa nakueleza kosa nililolifanya mwenyewe nikiwa bado mwanagenzi hapa Nakuru. Nililala chini ya Legacy ya mteja, nikaona bolti kwenye sampu, nikafungua. Ikatoka oili nyekundu, nzuri, safi. Nilikuwa nimemwaga oili ya gia boksi. Laiti ningeifunga pale pale na kusema ukweli. Badala yake nilidhani ni oili ya aina mpya, nikafunga, nikaenda juu na kumimina lita nne kwenye injini ambayo ilikuwa bado imejaa. Gari lilifika kona ya kwanza likitoa moshi mweupe na gia haishiki. Bwana mkubwa wa gereji alilipa, nami nilifanya kazi miezi bila malipo. Tangu siku ile sijafungua bolti kabla ya kuifuata kwa kidole hadi kwenye kitu inachofunga.

Kwa hiyo fuata kwa kidole. Sampu ya injini iko mbele kabisa, chini ya injini yenyewe, mbele ya pale injini inapounganika na gia boksi. Filta ya oili ya injini iko jirani yake, imezungukwa na bomba la ekzosi. Bolti inayofuata ukielekea nyuma ni ya difu ya mbele, yaani gia zinazozungusha magurudumu ya mbele, ambayo kwenye otomatiki ina oili yake peke yake, na nyuma zaidi ni sampu pana ya gia boksi. Juu nako kuna vijiti vitatu vya kupimia, kimoja cha injini, kimoja cha gia boksi, kimoja cha difu ya mbele. Vipake rangi tatu tofauti siku ya kwanza. Pia kuna filta nyingine kando, inafanana kabisa na ya oili ya injini, lakini ni ya gia boksi. Usiiguse katika sevisi ya kawaida.

Mwaga oili injini ikiwa vuguvugu, si moto, kwa sababu lile bomba la ekzosi litakuunguza mkono ukifikia filta. Filta ya zamani ikitoka, angalia kama mpira wake umetoka nayo. Ukibaki umenata kwenye injini na ukafunga mpya juu yake, mipira miwili haitashika, na oili yote itamwagika barabarani kabla hujafika Chavakali. Paka mpira mpya oili kidogo, funga filta kwa mkono hadi iguse, ongeza robo tatu ya mzunguko. Bolti iwekee washa mpya.

Mimina lita nne, washa dakika moja, zima, subiri, pima, kisha ongeza kidogo kidogo. Injini hii huchukua lita nne hadi nne na nusu pamoja na filta. Kipimo cha Subaru huwachanganya watu, kwa sababu kijiti kikipanda hupangusa oili iliyobaki kwenye ukuta wa bomba na upande mmoja unasoma juu. Pima asubuhi gari likiwa limelala pahali tambarare, angalia pande zote mbili za kijiti, na uamini ule ulio chini. Kati ya alama ya chini na ya juu ni kama lita moja. Na pima kila Jumapili. Injini iliyolazwa ya umri huu huvuja kidogo kwenye vifuniko vya valvu, matone yanaangukia ekzosi, unasikia harufu ya oili iliyoungua ukisimama kwenye foleni. Harufu hiyo haitakusimamisha leo, ila kijiti kikishuka chini ya alama bila wewe kujua, injini itakwisha.

Ea klina itoe kila sevisi uipige kwenye kiganja. Kwa barabara za muramu za huko kwenu, zenye trela za miwa, usisubiri kilomita zilizoandikwa kwenye boksi. Ukiishikilia juani na mwanga haupiti, badilisha.

Plagi zinaogopwa bila sababu. Ziko ubavuni mwa injini, zinaelekea kwenye kuta za gari. Upande wa betri, toa betri kama ulivyojifunza, na kopo la maji ya waipa lililo nyuma yake. Upande mwingine toa chombo chote cha ea klina. Utahitaji soketi ya plagi ya milimita 16 yenye mpira ndani, na ekstensheni fupi mbili pamoja na kiungo kinachopinda. Siri iko hapa: usiunge vyote mezani. Ingiza soketi ndani ya shimo kwanza, kisha uunge ekstensheni ikiwa ndani, kisha racheti. Toa waya mmoja, badilisha plagi moja, rudisha waya wake, ndipo uende ya pili, ili waya zisibadilishane nafasi. Injini iwe baridi kabisa, maana kichwa chake ni cha aluminiamu na nyuzi za skrubu zilizochongwa kwenye aluminiamu huharibika ikiwa moto. Plagi mpya izungushe kwa vidole, bila racheti, hadi ikae. Ikigoma kwa vidole, itoe, anza upya. Ukikuta oili ndani ya lile shimo, mpira wa shimo umekufa, na huo unabadilishwa pamoja na gaskiti ya kifuniko cha valvu.

Maji ya rejeta. Mzee wako alikuwa akiweka nini? Hilo muulize. Injini ya aluminiamu haipendi maji ya kisima yenye chumvi. Mwaga injini ikiwa baridi, weka kulanti iliyochanganywa na maji yaliyoondolewa chumvi (distilled), yale yanayouzwa kama maji ya betri. Jaza polepole sana. Kwenye pembe ya juu ya rejeta, mkabala na kifuniko, kuna skrubu ndogo ya plastiki ya kutolea hewa. Ifungue wakati wa kujaza, uifunge kwa upole maji yakianza kutoka bila mapovu. Hewa ikibaki ndani, mshale wa joto utapanda kwenye mlima wa kwanza na watu watakuambia gaskiti ya kichwa imeungua. Wengine wametoa injini nzima kwa ajili ya hewa. Lakini maji yakipungua kila wiki na hakuna tone chini, au mapovu yakiendelea kupanda kwenye kopo la akiba injini ikiwa moto, hapo gaskiti ipimwe kweli, na si kwako nyumbani.

Kazi moja nakuomba usiiguse mwenyewe, nayo ni mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake. Huo hubadilishwa kila kilomita 100,000, na gari hili lilipoingia nchini namba ya kilomita inaweza kuwa ilishaguswa. Muulize mzee ulibadilishwa lini na kama ana risiti. Kama hakumbuki, hesabu kwamba haujabadilishwa. Ukikatika gari likiwa mwendoni, valvu zinagongana na pistoni, na gharama yake inakaribia bei ya injini nyingine. Tenga fedha, tafuta fundi anayejua Subaru, na mwambie abadilishe roli, tensheni na pampu ya maji kwa pamoja, kwa kuwa vyote viko nyuma ya vifuniko vilevile.

Lakini anza na betri, Jumamosi hii, na unieleze ulichokiona kwenye kioo cha ile balbu ya tatu.